Muulize Bwana Afya: Taka za Mwanza zinawaka?

Mwezi huu barua zimekuwa nyingi, na karibu zote zinanuka moshi. Mvua za vuli zimeanza, ghuba la taka nyuma ya nyumba yangu hapa Kitangiri limefurika, na yale maji meusi yanashuka kwenda ziwani, huko tunakokujua sote. Nimechagua barua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu, wengine mnisamehe.

*Shikamoo Bwana Afya. Naishi upande wa Buhongwa, njia ya malori ya dampo, mtaa naomba usiutaje. Wiki mbili zilizopita tuliitwa mkutanoni, akaja mgeni na kompyuta yenye picha za mtambo wa Ulaya. Anasema taka zetu zitachomwa, zitoe umeme, harufu iishe na vijana wapate kazi. Tukagawiwa soda. Halafu ikapitishwa karatasi tuandike majina na kusaini, nayo haina kichwa cha habari. Mimi sikusaini. Baba watoto ananisema kila siku kwamba nazuia maendeleo. Nimekosea? Na serikali inaruhusu mtu kuchoma taka za jiji namna hiyo? — Mama Pacha*

Marahaba mama. Hukukosea. Mwambie baba pacha kwamba mradi unaokimbia kwa sababu mama mmoja ameuliza karatasi ni ya nini, huo ulikuwa unakimbia tangu zamani.

Swali lako la pili ndilo lenye nyama. Kuchoma taka ili kupata umeme kunaruhusiwa, ila hakuanzi kwa soda. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka mradi wa aina hiyo ufanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya kuanza kujengwa, tena kabla hata ya kutiwa fedha. Ripoti ya tathmini inapitiwa na NEMC, baraza la taifa la mazingira, ambao wana ofisi ya kanda hapahapa Mwanza, na cheti hutoka kwa mamlaka ya waziri mwenye dhamana ya mazingira. Kanuni za mwaka 2005 zinamtaka mwenye mradi awatangazie wananchi kwa mabango, gazeti, redio na mikutano, na mlichosema kiingie ndani ya ripoti. Sasa unaielewa ile karatasi? Orodha ya majina na saini hubandikwa nyuma ya ripoti kuthibitisha kwamba wananchi walishirikishwa. Karatasi isiyo na kichwa inaweza kuvikwa kichwa chochote baadaye.

Kwenye umeme kuna mlango mwingine. EWURA, wale wadhibiti wa nishati na maji, ndio wanaotoa leseni ya kuzalisha, chini ya Sheria ya Umeme ya mwaka 2008. Mtambo mdogo usiofika megawati 1 husamehewa leseni, lakini bado unahitaji mnunuzi, na mnunuzi wa umeme wa gridi ni TANESCO, kwa mkataba. Na taka zenyewe ni dhamana ya halmashauri kisheria, kwa hiyo hakuna anayeweza kuzichukua kwa makubaliano ya mkutano wa mtaa. Siku mgeni wenu akirudi, muulizeni kwa upole amefika wapi katika ofisi hizo. Kama hajabisha hodi hata moja, basi alikuja kujaribu maji kwa mguu wenu.

Hayo ni ya makaratasi. Mimi kinachonisumbua zaidi ni maji yaliyomo kwenye taka zetu.

Mwezi uliopita niliazima mzani wa samaki kwa jirani, nikapima taka za nyumba yangu siku saba mfululizo. Tupo sita, wajukuu wawili wakiwemo. Jumla ilikuwa kilo 19 na nusu. Kilo 15 zilikuwa maganda ya ndizi na viazi vitamu, matumbo na mapezi ya sato, majani ya chai, ugali uliolala. Nailoni na vifungashio havikufika kilo 2. Kilichobaki ni karatasi kidogo na mchanga wa ufagio. Mke wangu alidhani uzee umenipanda kichwani, hasa nilipochukua kilo moja ya yale maganda nikaitandaza juu ya bati, nikaiacha juani siku nne. Zikabaki gramu 230. Zaidi ya robo tatu yalikuwa maji.

Wewe umepikia kuni mbichi, mama, kwa hiyo hili huhitaji kufundishwa. Kabla kuni haijakupa moto, moto wako unaanza kwa kukausha kuni. Wataalamu wanapima joto hilo kwa megajuli. Kilo moja ya mkaa mzuri ina karibu megajuli 29. Kuvukiza kilo moja ya maji kunakula karibu 2.5. Mwongozo wa Benki ya Dunia wa mwaka 1999 kuhusu matanuri ya taka za miji ulisema wazi: taka zinazofaa kuchomwa ziwe na wastani wa megajuli 7 kwa kilo kwa mwaka, na zisishuke chini ya 6 katika msimu wowote. Taka za Ulaya zimejaa karatasi, maboksi na plastiki, zinavuka hapo bila jasho. Zetu ni maganda. Zikishuka chini ya hapo mtambo hauzimiki, unaongezewa dizeli, na hapo tutakuwa tunanunua mafuta ili tuchome ndizi.

Kwa hiyo muulizeni mgeni alipima taka za Mwanza mwezi gani. Akisema Agosti, mwambieni arudi Aprili.

Atawatajia Addis Ababa, na hatakuwa amedanganya. Mtambo wa Reppie ulizinduliwa pale Agosti 2018, umejengwa uweze kupokea tani 1,400 kwa siku, kando ya dampo la Koshe. Na Koshe yenyewe ilikuwa na sababu: Machi 2017 mlima wa taka uliporomoka na kuua watu zaidi ya 110. Majirani zetu Kampala nao, Agosti 2024, dampo la Kiteezi liliporomoka baada ya mvua na kuua zaidi ya 30. Sisemi hivyo kukutisha wewe unayeishi njia ya dampo. Nasema ili usidhani mimi ni mtetezi wa dampo. Dampo lililoachwa bila kusimamiwa linaua, na anayetaka kuliondoa si mjinga.

Lakini kuna kifungu kimoja kwenye mikataba ya mitambo hii ambacho hakionekani kwenye picha. Mwenye mtambo anataka uhakika wa tani. Halmashauri inaahidi kumpelekea tani kadhaa kila siku, na zikipungua, inalipa kama vile zimefika. Mtambo hauishi kwa umeme peke yake, unaishi pia kwa kulipwa kupokea taka. Huko Marekani kuna mji unaitwa Harrisburg, makao makuu ya jimbo la Pennsylvania, ambao madeni ya tanuri la taka yaliulemea hadi mwaka 2011 baraza lake likaenda mahakamani kuomba ulinzi wa mufilisi. Mji mzima, mama, kwa ajili ya tanuri. Mkipewa nafasi ya swali moja tu, ulizeni hili: taka zikipungua analipa nani? Maana jibu lake litakuja kugonga mlango wako likiitwa ada ya usafi.

*Bwana Afya, habari za siku. Mimi nauza sangara na dagaa Mwaloni, Kirumba. Wateja wangu wameanza kuulizana kwamba mtambo wa kuchoma taka ukijengwa, sumu itaingia ziwani na samaki watakataliwa nje. Wengine wanasema ni uzushi wa wapinzani wa maendeleo. Ukweli ni upi? — Mchuuzi wa Mwaloni*

Nzuri, ndugu yangu. Wote wawili wana kipande cha ukweli, na kipande kikubwa kinategemea nani anashika kipimajoto.

Sumu inayoogopwa inaitwa dioksini. Haitengenezwi na mtu kwa makusudi, inazaliwa yenyewe pale kitu chenye klorini kinapoungua vibaya: mabomba ya plastiki, ngozi ya waya za umeme, hata chumvi ya chakula inachangia. Ikishatoka haiozi upesi. Inatua kwenye majani na maji, inapanda kwa wadudu na samaki, inakaa kwenye mafuta. Na wewe unauza sangara, hakuna wa kukufundisha sangara ana mafuta kiasi gani. Hofu ya wateja wako ina mantiki.

Sasa dawa yake inajulikana. Sheria za Ulaya zinataka moshi wa taka ukae kwenye joto la nyuzi 850 au zaidi kwa sekunde 2 kamili. Taka zenye klorini nyingi zinatakiwa nyuzi 1,100. Baada ya hapo moshi upoozwe haraka, kwa sababu ukipoa taratibu, kwenye nyuzi mia mbili hadi mia nne na kitu dioksini inajiunda upya. Halafu upite kwenye unga wa kaboni na mifuko ya kuchuja vumbi. Kinachotoka juu kisizidi nanogramu 0.1 ya dioksini kwa kila mita ya ujazo ya moshi. Nanogramu ni kipande kimoja cha gramu uliyoigawa vipande bilioni. Vumbi na gesi nyingine zinapimwa mtambo ukiwa unafanya kazi, saa zote.

Je, sheria inasaidia kweli, au ni maandishi ya ukutani? Marekani walibadilisha sheria yao ya hewa mwaka 1990, kanuni za matanuri makubwa zikatoka mwaka 1995. Shirika lao la mazingira lilihesabu dioksini iliyotoka kwenye matanuri ya taka za miji: gramu 4,400 mwaka 1990, gramu 15 mwaka 2005. Matanuri mengi yalifungwa kwa sababu gharama ya vichujio iliwashinda wenyewe, mengine yakawekewa vichujio. Taka ni zilezile. Kilichobadilika ni kwamba kuna mtu alilazimika kupima, na akipima vibaya anafungiwa.

Hapa niungame jambo. Miaka ya tisini nilikuwa kwenye kituo kimoja cha afya ng'ambo ya ziwa, kituo hicho sitakitaja. Tulikuwa na kichomea taka cha matofali. Tuliingiza sindano, bomba za dripu, pamba zenye damu na kondo la nyuma, vyote kwa pamoja, kwa moto wa kuni za mwembe zisizokauka. Kipimajoto hakikuwepo. Bomba la moshi lilikuwa fupi kuliko paa la wodi ya wazazi, na jioni upepo ukitoka ziwani, moshi uliingia dirishani kwa mama aliyejifungua mchana ule. Nilitumiwa fomu kila robo mwaka. Fomu ilikuwa na mstari mmoja: "Kichomea taka: kipo / hakipo." Nikaweka alama ya vema kwenye "kipo". Miaka minne, alama kumi na sita za vema. Sikudanganya hata mara moja, ndilo linaloniuma.

Kwa hiyo, Mchuuzi, siku ukisikia mtambo umepata cheti, usiishie hapo. Sisi tuna kanuni za viwango vya ubora wa hewa tangu mwaka 2007, na Tanzania iliridhia Mkataba wa Stockholm wa kudhibiti sumu zisizooza upesi, ambao dioksini imo kwenye orodha yake. Cha kuuliza ni nani atapanda juu ya bomba, mara ngapi kwa mwaka, kwa kifaa gani, na majibu yatabandikwa wapi. Mimi ningetaka ubao getini, namba za jana zikisomeka na mwendesha bodaboda anayepita. Kupima dioksini ni kazi ya maabara ya gharama, hakupimwi kwa pua. Asiyekuwa na bajeti ya kupima, mimi namhesabu kama hana mtambo.

Kisha majivu. Watu wanadhani taka ikiungua imekwisha. Katika kila tani nne za taka za mijini, karibu tani moja hubaki chini ya tanuri kama majivu mazito, na majivu mepesi ya kwenye vichujio ndiyo yanabeba metali za sumu, risasi na kadimi, na hiyo dioksini tuliyoizuia isiende hewani. Chujio zuri maana yake ni majivu mabaya. Jiji la Chicago lilikuwa likiyapeleka majivu ya tanuri lake kwenye madampo ya kawaida, kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1994 majaji wakasema majivu hayapati msamaha: yakipimwa yakakutwa na sumu, yatunzwe kama taka hatarishi. Sisi Mwanza mawe yamejaa, miteremko yote inaelekea ziwani, na Mto Mirongo unapita katikati ya mji ukizoa kila kilichowekwa kando yake. Majivu hayo yatalala wapi? Mradi ukikosa jibu la swali hilo, wateja wako wana haki ya kuulizana.

Nikuongezee moja, usinichukie. Watafiti walinunua sangara na sato sokoni hapa Mwanza, 20 kwa kila aina, na mwaka 2016 wakachapisha kwamba wamethibitisha vipande vya plastiki ndani ya samaki mmoja kati ya kila watano. Hiyo ni kabla ya tanuri lolote. Wateja wanaoogopa moshi wa kesho, nailoni ya leo tayari imefika kwenye beseni.

*Mambo vipi mzee, shikamoo. Naokota chupa za plastiki na makopo maeneo ya Igoma, nauza kwa kilo. Nasikia taka zote zitakuwa zinachomwa. Sisi tutakula wapi? — Kijana wa Igoma*

Marahaba kijana wangu. Umeona mbali kuliko wengi waliosoma.

Katika taka zetu, kitu chenye moto wa kweli ni hichohicho unachookota wewe. Plastiki ina joto la kushindana na mkaa na kuupita, maganda hayana. Kwa hiyo mtambo wa kuchoma hauwezi kukuacha uzoe chupa zote kisha ubaki na ndizi. Mtagombea kiroba kimoja, wewe na toroli, yeye na lori.

Nchi zilizotangulia ziliona ugomvi huo zikauwekea mpangilio. Ulaya kisheria wanaanza na kupunguza taka, halafu kutumia tena, halafu kurejeleza, ndipo kuchoma kwa nishati, na dampo mwisho. Tena kuchoma hakuhesabiwi kuwa ni kurejeleza, hata umeme utoke kiasi gani. Wana kipimo cha ufanisi pia. Mtambo ulioruhusiwa baada ya mwaka 2008 usipofikisha alama 0.65 kwenye fomula yao, unaandikwa kuwa mahali pa kutupia taka kama dampo lingine, na jina la "kurudisha nishati" unanyang'anywa. Fomula hiyo ningeipenda hapa, ingewanyamazisha wengi wenye kompyuta.

Ushauri wangu ni mfupi. Jiungeni kikundi, mkisajili halmashauri, muwe na daftari la kilo mnazotoa kila mwezi. Siku ya kikao cha maoni, mtu mwenye daftari husikilizwa. Asiye nalo huitwa teja. Na uvae glovu, jamani. Barua yako ina alama ya damu kwenye kona.

*Bwana Afya, mimi ni mwalimu, Nyegezi. Jirani yangu huchoma taka kila jioni kwenye pipa, nailoni, pampasi na yote. Nikimwambia anasema hata Wazungu wanachoma taka, na hata serikali inapanga kuchoma. Nimjibuje? — Mwalimu*

Mwalimu, mwambie Mzungu anayechoma ana bomba la moshi refu kuliko mnara wa simu na vichujio vinavyomgharimu kuliko tanuri lenyewe. Watafiti wa shirika la mazingira la Marekani walipima moshi wa pipa la uani, wakakuta kaya chache tu zinazochoma hivyo, hata zisifike arobaini, zinaweza kutoa dioksini sawa na mtambo wenye vichujio vya kisasa unaochoma tani 200 kwa siku. Pipa halifiki nyuzi 850. Linafuka tu, na kufuka ndiko kunakozaa.

Akikaidi, sheria ya mwaka 2004 inampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Anza kwa mwenyekiti wa mtaa, ikishindikana mtendaji wa kata, na uende na tarehe ulizoandika. Lakini kabla ya hapo jaribu ujirani. Mpelekee jembe. Chimbeni shimo la nusu mita upande wake wa mgomba, maganda na matumbo ya samaki yaingie humo na kufukiwa udongo kila siku, mbwa wasifukue. Nailoni aiweke kando kwenye kiroba, Kijana wa Igoma au mwenzake atapita. Pampasi ziende na gari la taka, hizo bado hatuna ujanja nazo.

Nyumbani kwangu shimo la kwanza lilijaa mwezi Mei. Mjukuu alitupia mbegu za papai bila kuniambia, sasa mti unanifika kifuani na una maua. Ukija Kitangiri mwakani, njoo na kisu.